Gari Linapomisi: Tafuta Silinda Kabla ya Kutafuta Spea

Ukimiliki Corolla, Noah, RAV4 au Vitz ya miaka mingi hapa Arusha, siku itafika ambapo injini itatetemeka ikiwa sailensi, yaani imewashwa, gari limesimama na mguu haupo kwenye mafuta. Usukani utacheza mkononi, kioo cha ndani kitatikisika, na mlio wa ekzosi utakuwa wa kukatika katika. Mafundi watakwambia gari linamisi. Utalipeleka gereji, na kabla injini haijapoa utakuwa umeshaandikiwa orodha ya kwenda nayo dukani: plagi nne, koili, sprei ya kusafishia throto, na sensa moja au mbili. Ukinunua vyote, gari huenda likatulia wiki moja kisha likarudia.

Hasara kubwa ya ugonjwa huu inatokana na kununua kabla ya kutafuta, na kwa sehemu tunaisababisha wenye magari. Tumezoea kumlipa fundi kwa kufunga spea. Akikaa saa nzima anapima na asibadilishe kitu, tunaona hajafanya kazi. Basi naye anabadilisha. Anza kwa kumwambia hivi: "Fundi, nitakulipa kazi ya kutafuta tatizo, hata kama leo hatununui kitu." Ukiitamka sentensi hiyo pale Unga Limited au gereji ya mtaani kwako Sakina au Njiro, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Kila silinda inahitaji vitu vinne ili iwake: hewa, petroli, cheche ya plagi kwa wakati wake, na mgandamizo ambao mafundi huuita kompresheni. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 700 kwa dakika inawaka mara 1,400 katika dakika hiyo, kila silinda mara 350. Silinda moja ikiacha, ni kama watu wanne wanaobeba kitanda na mmoja akaachia kona yake: kitanda hakianguki, ila kila hatua kinayumba. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu spea kabisa. Uliza kama ni silinda moja imeacha kazi, au zote zinafanya kazi vibaya.

Dalili zinatofautiana. Silinda moja ikifa, mtikisiko una mpangilio. Unarudi kwa zamu, na ukishika kipande cha karatasi nyuma ya ekzosi kitapigwa, kitaregea, kitapigwa tena kwa mahadhi yaleyale. Zikiwa zote ni dhaifu, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, injini inataka kuzima ukiwasha kiyoyozi au taa, na karatasi inapeperuka ovyo bila zamu. Kuna pia mtikisiko usiokuwa wa kumisi hata kidogo. Weka gia ya D huku umekanyaga breki, kisha rudisha N. Kama gari linatetemeka kwenye D tu, linatulia kwenye N, na mlio wa ekzosi umenyooka wakati wote, mulika mauntini za injini kwa tochi. Raba zake zikikatika, injini nzima hulalia bodi ya gari. Watu wamebadilisha plagi na koili kwa sababu ya raba iliyopasuka.

Ukishaona ni silinda moja, itafute. Kwenye injini kama 1NZ-FE, iliyomo kwenye Vitz na IST nyingi, kila plagi ina koili yake juu yake. Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya umeme ya koili moja. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Rudisha soketi na uende inayofuata. Utakapochomoa na injini isibadilike, umempata mgonjwa. Usiiache soketi nje muda mrefu, kwa sababu petroli isiyowaka inakwenda moja kwa moja kwenye ekzosi. Kwa injini za zamani zenye disitribyuta, kama 5A-FE ya Corolla 110 nyingi, usivute waya wa plagi injini ikiwa inawaka. Umeme uliomo humo unazidi volti 20,000 na utatafuta njia kupitia mkono wako. Chomoa soketi ya nozeli ya silinda ile badala yake. Jibu ni lilelile na ni salama zaidi.

Halafu badilishana. Zima injini, chukua koili ya silinda iliyokufa uiweke kwenye silinda nzima, na ile nzima uilete huku. Tatizo likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, na sasa unaweza kwenda dukani ukanunua moja, si nne. Lisipohama, hamisha plagi. Lisipohama bado, sikiliza nozeli: weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni, nozeli nzima hupiga tik-tik-tik ya haraka na ya kulingana. Kazi hii inahitaji spana ya 10, soketi ya plagi ya 16 na subira. Haina gharama nyingine.

Unapotoa plagi, isome kabla ya kuitupa. Ncha ya kahawia hafifu ni ya injini yenye afya. Nyeusi kavu, yenye masizi yanayofutika kwa kidole, ina maana petroli ni nyingi au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye unyevu wa oili inaelekeza kwenye ringi au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa maana yake silinda ilikuwa inawaka kwa joto kali, mara nyingi kwa kukosa petroli ya kutosha. Angalia pia kauri nyeupe ya juu: mchirizi mwembamba mweusi unaoshuka kwa urefu ni njia ambayo cheche ilikuwa inatorokea pembeni badala ya kufika kwenye ncha. Plagi ya namna hiyo haiponi kwa kusuguliwa na msasa.

Chungulia ndani ya shimo ilimotoka. Ukikuta oili, gasketi ya tapeti kava imezeeka, na koili mpya utakayoiweka humo itaharibika kama ile ya kwanza. Ukikuta maji, jiulize mara ya mwisho gari lilioshwa lini. Kwa vumbi letu la Julai na matope ya masika, tumezoea kuosha mpaka ndani ya boneti kwa mashine ya presha, na maji yakiingia kwenye mashimo ya plagi hayatoki yenyewe. Gari lililoanza kumisi saa chache baada ya kuoshwa halihitaji spea yoyote. Linahitaji kukaushwa kwa hewa ya kompresa, na mwosha magari aambiwe aishie kwenye kitambaa chenye unyevu.

Kuhusu plagi mpya: majina makubwa kama NGK na Denso yanaigwa duniani kote, na bei ya kuokota huwa ni dalili. Soma namba iliyoandikwa kwenye plagi unayotoa, nunua inayolingana nayo, na upime nafasi ya ncha kabla ya kufunga. Kwa makampuni hayo mawili, namba nyingi zinazoishia na 11 zina maana ya nafasi ya milimita 1.1. Plagi iliyoanguka sakafuni dukani, ncha yake ikabana, itakumisia ikiwa mpya.

Sasa tuje kwa gari ambalo silinda zote ni dhaifu. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu chanzo hakionekani kwa macho. Anza na hewa ya wizi. Mipira midogo ya vakyumu inayotoka kwenye manifoldi ya hewa hukauka na kupasuka, na gasketi ya manifoldi hulegea. Injini ikiwa sailensi, puliza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia kuzunguka maungio hayo, ukiepuka disitribyuta na soketi za umeme. Mlio ukibadilika ghafla, hapo ndipo pa kuziba. Wapo wanaotumia sprei ya kabureta kwa kazi hii. Inafanya kazi, lakini inashika moto, na boneti yenye waya zinazovujisha cheche si mahali pa kujaribia. Baada ya hapo safisha throto na valvu ndogo ya sailensi iliyo chini yake, kisha angalia ea klina. Gari linalokwenda Ngarenanyuki au Momella mara kwa mara linameza vumbi laini la majivu ya volkano, na ratiba ya ea klina iliyoandikwa kwa ajili ya lami za Japani haitulindi huku.

Lakini kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye gari mkoani hapa alichunguze, na halimo kwenye orodha ya gereji: themostati. Ni valvu ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa magari mengi kama nyuzi 80 na kitu. Kwetu ni kawaida fundi kuing'oa gari likichemsha, na gari linaacha kuchemsha, na kila mtu anaridhika. Tatizo ni kwamba kompyuta ya injini hupima joto la maji ili iamue kiasi cha petroli. Bila themostati, asubuhi ya Juni au Julai ambapo Arusha ina baridi ya kuvaa koti, injini inaweza kutembea kutoka Usa River mpaka mjini bila kufikia joto lake. Kompyuta inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumimina petroli ya ziada, plagi zinakuwa nyeusi, oili inachanganyika na petroli, na sailensi inakuwa mbaya. Mwenye gari ananunua plagi, linatulia mwezi mmoja, zinakuwa nyeusi tena. Tazama mshale wa joto: ukibaki chini kabisa kwenye mteremko na kupanda kidogo tu ukiwa kwenye foleni, uliza kama themostati ipo.

Na ukigundua haipo, swali la pili ni zito zaidi: kwa nini iliondolewa? Gari lililochemsha huenda lilipinda silinda hedi au kuunguza gasketi yake. Dalili yake ni ya asubuhi. Unawasha, injini inamisi kwa sekunde kadhaa, inatoa moshi mweupe mzito, halafu inatulia. Na kila wiki unaongeza maji bila kuona yanakovujia. Usidanganywe na mvuke wa kawaida wa asubuhi ya baridi, ambao kila gari hutoa na unapotea injini ikipata joto. Ninaouzungumzia unaambatana na maji kupungua. Hapo acha plagi, fuata gasketi.

Petroli nayo ina yake. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kudhibiti uchakachuaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida kuyachanganya na petroli. Hali ilibadilika sana, lakini vinasaba havizuii maji yaliyoingia kwenye dumu huko kijijini. Kama uliongeza mafuta ya chupa ukiwa mbali na kituo na gari likaanza kumisi ndani ya kilomita chache, toa petroli kidogo kwenye tenki, iweke kwenye chupa ya kioo na uiache itulie. Maji yatakaa chini na utaona mstari. Wenye injini za D-4, kama 1AZ-FSE iliyomo kwenye baadhi ya Noah na RAV4, wawe wakali zaidi. Humo petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, pampu yake haivumilii uchafu, na kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa ikaziosha, masizi yanajijenga hapo mpaka hewa inapita kwa shida. Sailensi mbaya ya D-4 mara nyingi inahitaji manifoldi kufunguliwa na kusafishwa. Chupa ya dawa unayomimina kwenye tenki haifiki mahali penye masizi.

Mwinuko wa mji wetu nao unapotosha vipimo vya kitabu. Arusha ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Fundi akiweka geji ya vakyumu, kitabu kitamwambia injini nzima isome kati ya inchi 17 na 21. Hapa toa kama inchi nne na nusu. Geji ikisoma 14 na mshale umetulia, injini haina kosa. Mshale unaocheza ndio wa kuufuatilia. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani litachoma petroli nyingi kupita kiasi likifika huku, na litahitaji kurekebishwa upya. Ukipanda mpaka ukingo wa Ngorongoro, kama mita 2,300, injini isiyo na tabo inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Kukosa nguvu kwa namna hiyo si ugonjwa. Ugonjwa ni kushtuka.

Mwinuko unaweza pia kuficha tatizo. Cheche huruka kwa urahisi zaidi hewa ikiwa nyepesi, kwa hiyo koili iliyochoka inaweza kumudu mizunguko ya Kijenge na Clock Tower, kisha ikashindwa ukishashuka Korogwe kwenye hewa nzito na joto, gari limejaa watu. Kama unasafiri, lijaribu kwanza chini ya mzigo: panda kutoka Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu kwa gia kubwa na mguu mzito, ukisikiliza. Ni afadhali lishtuke hapo kuliko barabara ya Moshi ukiwa katikati ya kulipita lori.

Mashine ya kupimia inasaidia ikiwa unajua inasema nini. P0301 mpaka P0304 zinataja silinda inayomisi, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa mikanda kwenye Toyota hizi. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu, na P0171 ni hewa kuzidi petroli, ambayo mara nyingi inarudi kwenye ile mipira iliyopasuka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "nunua koili". Magari ya Japani ya miaka ya 90 hayazungumzi lugha hiyo, lakini hayako kimya. Kwenye mengi ya Toyota kuna kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua switchi bila kuwasha injini, na uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Kupepesa mfululizo kwa kulingana maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Mbili, kituo, mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu, kituo, moja ni 31, kwa injini nyingi sensa ya vakyumu. Soma maandishi ya matundu vizuri kabla ya kugusa, kwa maana mengine yana umeme wa betri.

Taa hiyo ikipepesa yenyewe ukiwa unaendesha gari la kisasa zaidi, punguza mafuta na utafute pa kusimama. Petroli isiyowaka inaungulia kwenye masega ya ekzosi mpaka yanakuwa mekundu. Wakati wa kiangazi usilisimamishe gari hilo juu ya majani makavu.

Baada ya yote hayo, kama silinda ni ileile, cheche ipo, nozeli inapiga na hewa haivuji, pima kompresheni. Injini iwe na joto, plagi zote nje, soketi za koili na nozeli zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, betri imejaa. Kwa 1NZ-FE kitabu kinataka 213 kwenye geji ya PSI, na kisishuke chini ya 156. Kwa hewa ya Arusha hesabu kama 180 na 133. Tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito zaidi kuliko namba yenyewe. Isizidi 14 au hapo karibu. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye shimo la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Na kama silinda mbili zilizo jirani ziko chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Valvu zilizobana zina tabia yake: injini inamisi ikiwa ya moto na sailensi, ukikanyaga mafuta inatulia. Hizo zinarekebishwa bila kufungua injini yote, na ni vizuri ujue hivyo kabla mtu hajakushauri kununua injini ya mtumba kutoka Japani.

Kama mwisho wake ni injini ya mtumba kweli, mwombe muuzaji akuruhusu kuipima kompresheni ikiwa bado sakafuni, kwa stata na betri. Itakuwa baridi na namba zitakuwa chini kidogo, lakini ulinganifu wa silinda nne utaonekana. Akikataa, nenda duka la pili.